Mlalamikaji wa Bendi ya Kutu

"Ngoma siyo tatizo," Mwalimu alikuwa akisema kutoka upande wake wa ukuta. "Tatizo ni huyo anayezipiga. Mtu gani anapiga ngoma kama anadai afunguliwe mlango?"

"Anazipigia uani kwangu," Mama Fundi akamjibu kutoka upande wa pili, pini tatu zikiwa zimebanwa kwenye kona ya mdomo. "Ukuta tuliujenga ili kila mtu abaki na kelele zake."

"Kelele hazijui ukuta, mama. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, darasa la watoto sitini, na sijawahi kusikia kitu kama hiki."

"Wale sitini walikuwa wanakuogopa. Hawa wanne hawakuogopi, na hilo ndilo linalokuuma."

Watu waliosimama njiani wakaguna kwa raha. Walikuwa wapata arobaini. Mmoja alikuwa amebeba godoro kichwani na hakuona sababu ya kulitua, akijua kwamba ugomvi mzuri hauishi kwa dakika mbili.

Miongoni mwao alikuwepo Bwana Kadi, ambaye alikuwa anapita tu. Kupita tu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kadi za aina nne, kila moja ikiwa na jina lake na cheo tofauti: wakala wa bima, mpima viwanja, mshauri wa ndoa, na mwagizaji wa kengele za makanisa. Kengele hazikuwahi kuagizwa, viwanja havikuwahi kupimwa, na kuhusu ndoa tusiseme mengi. Huu ulikuwa mji wake wa saba ndani ya miaka miwili. Ile sita iliyotangulia aliiacha kwa haraka, na kwa kupitia madirisha ya nyuma. Kwa hiyo alikuwa amejiapiza: mji huu ataondoka kwa mlango wa mbele, kwa mwendo wa mtu mzima, na mfuko umevimba.

Alichungulia getini. Uani, kati ya cherehani na kamba ya nguo, walisimama vijana wanne waliojiita Kutu na waliopiga muziki wa roki. Mwimbaji alikuwa binti wa Mama Fundi. Gitaa lilishikwa na fundi redio aliyelitengeneza mwenyewe, na kwa bahati mbaya lilisikika hivyo. Ngoma zilipigwa na fundi bati, ambaye mchana kutwa aligongomea mapaa na jioni hakuona haja ya kubadilisha mtindo. Wa nne alipiga gitaa la besi na hakusema neno; watu walimwita Kimya, kwani hakuwahi kuwapa jina lingine.

Walipoanza tena kupiga, watu njiani wakaanza kutawanyika. Yule wa godoro alifika mpaka kwenye kona.

Kisha Mwalimu akapaza sauti: "Na huyo binti anaimba au ameungua na pasi?"

Watu wakarudi. Godoro likarudi. Mama Fundi akatema pini zote tatu ili apate nafasi ya kujibu.

Hapo ndipo kipaji cha Bwana Kadi kilipofanya kazi yake. Wajinga thelathini na tisa waliona majirani wakigombana. Yeye aliona tiketi.

*

Siku ya pili alirudi na kadi mpya, wino haujakauka: Mlezi wa Vipaji, Ndani na Nje. Alimkuta Mama Fundi akipinda suruali.

"Dada yangu," alisema, "jana nimesikia kitu hapa, usingizi umenikimbia."

"Hata Mwalimu umemkimbia. Panga foleni."

"Huyu binti yako ana sauti ya kwenda mbali."

"Kama ni mbali, Mwalimu atakuchangia nauli."

Lakini vijana walikuwa wamekwisha kusogea. Ukiwa na umri wa miaka ishirini, na umefanya mazoezi miezi saba mbele ya kamba ya nguo, mtu akikwambia neno "jukwaa" humwombi kitambulisho. Bwana Kadi aliwamwagia maneno ya kumtoa nyoka pangoni: vilabu kwanza, kisha kumbi, kisha ndege. Fundi bati aliuliza kama kwenye ndege ngoma huhesabiwa kama mzigo. Binti hakuuliza kitu. Alikuwa akimtazama mama yake, na Mama Fundi, aliyekuwa anajua kwa nini mtoto wake hajala vizuri wiki nzima, akasema tu, "Haya. Ila mimi nitakuwepo kila mahali, kiti cha mbele."

Kisha Bwana Kadi akazunguka ukuta na kubisha kwa Mwalimu.

"Mzee wangu, mimi nakuonea huruma."

"Wa kwanza," Mwalimu akasema. "Kaa."

"Malalamiko kama yako hayafai kupotea hewani. Yaandike. Mimi nitayafikisha kunakohusika."

Hakuna aliyekuwa amemwomba Mwalimu aandike chochote tangu astaafu. Alichukua karatasi yenye mistari, akanoa penseli kwanza ndipo akaiacha na kuchukua kalamu, akaandika kwa mwandiko uliosimama wima kama gwaride, kila hoja na namba yake. Moja: kwamba muziki huu humfanya mtu asahau alichokuwa anakifikiria. Mbili: kwamba wasikilizaji hutikisa vichwa kana kwamba wanakubaliana na jambo, na jambo lenyewe halipo. Tatu: kwamba mnamo Jumanne mwandishi wa barua hii alijikuta akigonga mguu sakafuni bila ridhaa yake. Nne: kwamba wapigwe marufuku.

Bwana Kadi aliisoma mara mbili. Tangazo zuri kuliko hilo hakuwahi kuliona, na hakuwa amelilipia hata senti.

*

Klabu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja ambaye mji mzima ulimwita Mama Jokofu. Chumba chake kilikuwa kirefu na chembamba kama soksi, na mwisho wake lilisimama jokofu kubwa kuliko jukwaa.

"Roki ndiyo nini?" aliuliza.

"Ni muziki ambao wazee hawautaki."

"Wazee hawataki vitu vingi. Hawataki hata ngazi."

Bwana Kadi akaitandaza barua juu ya kaunta. Mama Jokofu aliisoma akifuata mstari kwa kidole. Alipofika kwenye mguu uliogonga sakafu bila ridhaa, kidole kilisimama. Alipofika kwenye marufuku, macho yalimtoka.

"Jumapili alasiri," alisema. "Saa tisa. Ila jokofu halizimwi."

Historia, ambayo kwa kawaida haishughuliki na mitaa yetu, ingependa ijulikane kwamba onyesho la kwanza la bendi ya Kutu lilihudhuriwa na watu kumi na mmoja. Watano walikuwa wamejikinga mvua. Wawili walikuwa wapenzi waliotaka chumba chenye giza na walisikitishwa kukuta bendi. Mmoja alikuwa Mama Fundi, kiti cha mbele, mkoba mapajani, akimtazama mpiga ngoma kama mtu anayekagua nyama.

Wimbo wa kwanza ulipita salama, kwa maana kwamba hakuna aliyeumia. Katikati ya wa pili, jokofu likaunguruma, na umeme wa chumba kile haukuweza kubeba jokofu na gitaa kwa wakati mmoja. Gitaa likakata. Besi ikakata. Binti akabaki mdomo wazi, bila sauti, chini ya balbu iliyofifia. Matone ya mvua yalisikika yakihesabiana juu ya bati.

Na kutoka mlangoni ikasikika sauti iliyozoea madarasa ya watoto sitini.

"Hata umeme umechoka."

Ni Mwalimu, mwavuli mkononi. Alikuwa amekuja kukusanya ushahidi.

Mama Fundi aligeuka taratibu. "Umelipa kiingilio?"

"Nilipe kusikiliza kitu ninachokipata bure na sikitaki?"

"Bure unakisikiliza ukiwa kwako. Hapa umetembea kwa miguu yako, na mvua yote hii, na viatu vya Ijumaa."

Wale wa mvua wakacheka. Mtu akatoka mlangoni kumwita mwenziwe. Mwalimu akafungua hoja ya kwanza, Mama Fundi akaifunga. Huyu akafungua ya pili, yule akaipindua. Fundi bati hakuwa na haja ya umeme. Alianza kugonga polepole chini ya maneno yao, kila Mwalimu akivuta pumzi naye anapigilia, kila Mama Fundi akijibu naye anaporomosha. Jokofu likatulia. Gitaa likarudi kama simba aliyefunguliwa. Binti akaimba akimwelekea Mwalimu moja kwa moja, ubeti mzima, akimnyooshea kidole, na Mwalimu akabaki amesimama na mwavuli wake uliokunjuka bila habari yake.

Mvua ilipoisha hakuna aliyeondoka. Mama Jokofu aliuza mpaka maji ya chupa zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya kupoza chupa nyingine.

Nje, Bwana Kadi alimshika Mwalimu kiwiko. "Mzee wangu, Jumatano kuna onyesho lingine. Njoo ulalamike."

"Mimi siigizi," Mwalimu akasema kwa ukali. "Nikija, nitalalamika kwa dhati."

"Dhati ndiyo ninayoitaka."

Mwalimu akafikiri. "Kiti chenye mikono. Soda isiyo baridi. Na niwe nyumbani kabla ya taarifa ya habari."

*

Ndani ya wiki mbili Kutu walikuwa wamepiga mara tano. Kwa Bwana Taa, aliyekuwa na balbu za rangi sita na akiziwasha kwa zamu kwa mkono wake mwenyewe, akikosea. Kwa Kinyozi, aliyekuwa na ukumbi nyuma ya kibanda chake cha kunyolea, kuta zote vioo, ambamo wasikilizaji thelathini walionekana kama tisini na Kinyozi akawahesabu hivyo hivyo alipowasimulia wenzake. Bendi nayo ilikuwa inaanza kutisha kwa uzuri. Fundi redio alikuwa amefunga waya mmoja mahali pengine na gitaa likaacha kulia kama mbuzi. Binti alijifunza kutoogopa ukimya. Kimya alisema neno moja, "Haraka," katikati ya wimbo, na wenzake waliogopa mpaka wakauharakisha, na ukapendeza.

Lakini tuseme ukweli: watu walikuja kumsikiliza Mwalimu. Walimpigia makofi akiingia. Walimmalizia sentensi zake. Siku alipoanza kwa kusema, "Hoja ya tano," ukumbi mzima ulisimama, kwani kila mtu alijua zilikuwa nne. Naye aliendelea kukasirika kwa dhati kila mara, kila mara akiwa na shati lililopigwa pasi vizuri zaidi.

Mlezi wa Vipaji aliona kwamba tunda limeiva, na kwamba ni wakati wa kuondoka na mti.

Alikwenda kwanza kwa Mama Jokofu, akafunga mlango nyuma yake, akanong'ona. Jumatatu baraza linakaa. Barua za Mzee zimefika juu. Bendi itapigwa marufuku. Jumamosi, saa nane mchana, ndiyo mara ya mwisho katika historia Kutu wanapiga hadharani, na yeye, kwa mapenzi tu, anataka iwe hapa. Kinachotakiwa ni arbuni ya kuishika hiyo siku, mkononi, leo. Na siri. "Bwana Taa akisikia, atanipa mara mbili, na mimi ni binadamu."

Mama Jokofu alitoa arbuni kabla hajamaliza sentensi.

Kisha akaenda kwa Bwana Taa, akafunga mlango, akanong'ona. Jumamosi, saa nane. "Kinyozi asisikie."

Kisha kwa Kinyozi. Hapo hapakuwa na mlango wa kufunga, kwa hiyo alinong'ona kwenye sikio huku akinyolewa.

Wote watatu walitaka jambo moja tu la ziada: "Na Mzee awepo." Bwana Kadi aliwahakikishia, mkono kifuani. Jumamosi moja, saa moja, vilabu vitatu, bendi moja. Yeye mwenyewe nusu saa baadaye angekuwa kwenye basi, kiti cha dirishani.

Lilibaki suala la kubeba. Mtu wa miji saba haweki fedha kwenye begi, maana begi hushikwa. Wala kwenye viatu, maana siku ya kukimbia viatu hubaki. Alitaka koti. Na kwa kuwa mtu mwenye akili nyingi huwa hana nafasi ya kuweka akili za kawaida, alikwenda kushonesha kwa fundi aliyekuwa karibu zaidi.

"La jukwaani," alimwambia Mama Fundi huku akipimwa mabega. "Meneja lazima aonekane. Na ndani uniwekee mfuko. Ndani ya mfuko, mfuko mwingine."

"Wa nini?"

"Wa kalamu."

Mama Fundi alimpima kifua, akaandika. "Kalamu inayotaka upana wa kiganja na kifungo?"

"Ni kalamu za thamani, dada yangu."

"Naona," alisema Mama Fundi.

Alhamisi alipolifuata koti, alikuta jambo la ajabu. Hakukuwa na ugomvi. Mwalimu alikuwa upande huu wa ukuta, ameketi karibu na cherehani, kikombe cha chai mkononi, na karatasi yenye mistari gotini. Miaka kumi na mmoja walikuwa majirani, na hakuwahi kuvuka geti lile.

"Tunajadili ukuta," Mwalimu alisema bila kuulizwa.

"Unahitaji kupakwa rangi," Mama Fundi akaongeza.

Bwana Kadi akatabasamu tabasamu la mtu anayeelewa mambo ya dunia. Kumbe wazee wanapendana. Mshauri wa ndoa ndani yake alitamani kuacha kadi. Alilivaa koti, lilimkaa kama alizaliwa nalo. Alihamishia arbuni kwenye mfuko wa ndani ya ndani akiwa chooni, akaufunga kifungo, akajigusa kifuani. Palivimba vizuri, pale pale penye moyo.

*

Jumamosi saa nane kasorobo klabu ya Mama Jokofu ilikuwa imejaa mpaka watu walikaa juu ya jokofu. Bwana Kadi alisalimia huku na huku, akihesabu hatua kutoka jukwaani hadi mlangoni. Mlango wa mbele. Zilikuwa kumi na nane. Angengoja wimbo wa kwanza uanze, kila jicho liwe mbele, kisha atembee kama mtu mzima.

"Meneja," ilikuwa sauti ya Mama Fundi, "kifungo chako kinaning'inia."

Akatazama chini. Kweli, kifungo cha kifuani kilishikwa na uzi mmoja, na uzi wenyewe ulikuwa unafikiria.

"Si kitu, dada."

"Si kitu? Mji mzima unajua koti nimeshona mimi. Usitembee na aibu yangu. Simama hapo hapo, sihitaji ulivue. Inua kidevu."

Sindano ilikwisha kutoka kwenye ukosi wa gauni lake. Ilikuwa ndefu, ya kushonea makoti, na ilipita karibu sana na koo. Bwana Kadi aliinua kidevu. Akainua zaidi. Akausoma ufa wa darini kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Usimeze mate," Mama Fundi alimwonya. "Mara ya mwisho mtu alimeza mate, nikamshona."

Hakumeza. Mikono ya fundi ilikwenda huku na kule kifuani pake, myepesi, nje ya koti, ndani ya koti. Kisha meno yakakata uzi karibu na kidevu chake.

"Tayari. Hicho hakitoki tena."

Alijigusa. Palikuwa pamevimba kama mwanzo. Wimbo wa kwanza ukaanza, watu wakanguruma, Mwalimu akaketi kwenye kiti chenye mikono na kufunua karatasi. Bwana Kadi akatembea hatua kumi na nane, bila haraka, akatoka kwa mlango wa mbele. Jua lilimpokea kama ndugu.

Basi liliondoka stendi nusu saa baadaye. Alipata kiti cha dirishani. Alikuwa amekwisha kuchagua kadi ya mji ujao, daktari wa meno asiyehitaji vifaa, wakati kondakta alipofika na kugonga kiti kwa sarafu.

"Nauli, mjomba."

Bwana Kadi akafungua kifungo kwa madaha, akapitisha mkono kwenye mfuko, na ndani ya mfuko kwenye mfuko, akatoa bunda.

Lilikuwa karatasi yenye mistari, iliyokunjwa mara nyingi kwa ustadi.

Alirudisha mkono. Vidole vilipita kwenye mfuko, vikatokea upande wa pili kwapani, vikamsalimu. Mfuko ulikuwa na milango miwili. Alikuwa ameulizia mmoja tu.

"Ndiyo nauli hiyo?" kondakta akauliza. Abiria wa kiti cha nyuma alikuwa amekwisha kuanza kusoma begani kwake, kwa sauti.

"Kwako Meneja. Yah: Malalamiko. Moja: kwamba wenye vilabu watatu wamekuja nyumbani kwangu, kila mmoja kwa siri, kuhakikisha nitakuwepo kulalamika Jumamosi saa nane. Mbili: kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu. Tatu: kwamba mzee mmoja hawezi kulalamika kwa dhati mahali patatu kwa wakati mmoja, na ulipaswa kulijua hilo. Nne: kwamba nimewaandikia wote watatu, nikawapangia saa nane, saa kumi na saa kumi na mbili jioni, bendi itapita kwa miguu, na wamekubali. Tano: kwamba kazi itakuwa imefanyika, hivyo arbuni imekwenda kwa waliofanya kazi."

"Endelea," mama mmoja upande wa pili akasema. "Huyu anaandika vizuri."

"Sita: kwamba jirani yangu na mimi hatujakubaliana juu ya jambo lolote kwa miaka kumi na mmoja, na umetulazimisha. Hili sitakusamehe. Saba: kwamba chakula kitakuwa tayari saa moja jioni. Tusingependa kipoe."

Basi zima lilicheka mpaka dereva akauliza kuna nini, na aliposimuliwa akapunguza mwendo ili acheke vizuri. Kisha akasimama kabisa, jirani na kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Katika miji sita iliyotangulia Bwana Kadi alikuwa ametokea kwenye madirisha ya aina nyingi. Kuteremshwa kwa mlango wa mbele, kumbe, hakukuwa na heshima aliyoitarajia.

Alitembea. Viatu vilikuwa vipya na vilimweleza habari zake zote njiani. Koti lilimkaa vizuri kweli kweli. Wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo walilisifu. Alifikiria kwenda kushitaki. Lakini ukishitaki lazima uandike, na mtu pekee aliyejua kuandika malalamiko mjini kule alikuwa upande mwingine.

Alipoingia mjini saa kumi na moja na nusu alisikia ngoma kabla hajaona kitu, akajibanza nyuma ya kibanda cha vocha. Barabara nzima ilikuwa inatembea. Mbele alikuwa Kinyozi, aliyekuja kuwapokea wageni wake mwenyewe wasije wakapotea njia. Fundi bati alipiga akitembea, ngoma imefungwa kiunoni kwa mkanda mpya wa kushonwa. Mama Jokofu alifuata na ndoo ya barafu, akiuza soda kwa watu ambao aliwauzia tangu saa nane. Bwana Taa alikuwa na balbu moja nyekundu mkononi, haijaunganishwa popote, ameiinua tu. Na katikati, juu ya mkokoteni, kwenye kiti chenye mikono, aliketi Mwalimu, akilalamika kuhusu mashimo ya barabara kwa sauti iliyokwisha kukauka, na mamia ya watu wakimwitikia hoja kwa hoja.

Binti wa Mama Fundi alikuwa akiimba bila kipaza sauti na bila kumtazama mama yake. Yule wa godoro alikuwepo. Bado alikuwa nalo.

Bwana Kadi alipiga hesabu haraka, kwa mazoea: watu wangapi, kiingilio gani. Kisha akakumbuka kwamba hesabu hiyo haikuwa yake, na tumbo likamnguruma kwa namna ambayo hata Kutu wangeiheshimu.

*

Saa moja na dakika tano alikuwa getini. Alisimama, kwa sababu ndani kulikuwa na kelele.

"Nimesema saa moja," Mwalimu alikuwa akifoka. "Saa moja siyo saa moja na dakika tano."

"Chakula kimepikwa na mikono, hakikupikwa na saa. Na ukitaka kula kwa ratiba, ukuta uko pale, nenda upande wako."

"Na chumvi je?"

"Hujaonja."

"Nalalamika mapema."

Uani vijana wanne waliketi kwenye mkeka kando ya cherehani, wamechoka kama waliovuka jangwa, wakicheka bila sababu. Pembeni yao ilikuwepo spika mpya, kubwa, bado imevaa nailoni yake ya dukani. Fundi redio alikuwa ameiwekea mkono juu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Kimya ndiye aliyemwona mgeni kwanza.

"Amekuja," alisema. Hilo likawa neno lake la pili.

Wote wakageuka. Bwana Kadi alitafuta kadi inayofaa kwa hali kama ile, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakuipata. Akavuta pumzi. "Mzee wangu, dada yangu, kuna kutoelewana kidogo kuhusu..."

"Kaa kimya, utamaliza maneno," Mwalimu alimkatiza. "Jumamosi ijayo kuna vilabu vitatu vingine vimeulizia. Wewe kuuza unajua. Kasoro yako ni kwamba kitu kimoja unakiuza mara tatu, na hiyo ni hesabu ya darasa la pili, inarekebishika. Nitakusahihisha mwenyewe. Kila jioni."

Ilikuwa adhabu kubwa kuliko jela, na wote pale walilijua hilo. Binti akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mama Fundi alikuwa amekwisha kuongeza sahani. Akanawa mikono, akaikausha kwenye kanga, akamtazama Bwana Kadi kuanzia viatu vilivyomtafuna mpaka kifungo cha kifuani, ambacho hakikuwa kimetikisika hata kidogo.

"Pita, meneja, usisimame mlangoni kama mdai," alisema. "Karibu ule. Koti litundike hapo kwenye msumari. Humu ndani hakuna wa kukuibia."